Shingo ya Newala

Mama mkubwa alishuka kwenye basi la Newala
na kilo mbili za korosho alizobangua mwenyewe,
jogoo aliyefungwa miguu,
na dumu la lita tano la maji.
"Ya mvua ya kwetu," akasema.
"Najua huku mnayo mengi, ila hayanyweki."

Asubuhi ya pili tukaenda Msimbati.
Chilindima alikuwa ameshaisukuma ngalawa,
tanga lake limeshonwa kwa viroba vya unga;
ukilitazama juani kwa upande wa pili
unasoma SEMBE, KILO 25, herufi zimegeuka.
Mama mkubwa akakaa katikati, magoti pamoja,
kama mama wa kanisani juu ya bodaboda,
mkono mmoja kwenye mti wa mrengu,
wa pili, sijui kwa nini, kwenye dumu.

Upepo ulipojaa alitaja jina la mama yangu.
Mara moja tu. Kisha akauliza bei ya pweza.

Mbele ya Namponda tukashusha tanga.
Nikamvisha miwani, nikakaza mpira juu ya kilemba,
nikamtia mdomoni mrija wa kupumulia.
Akashuka, kanga ikavimba kama andazi,
akasimama, maji kifuani,
shingo wima.

"Inamisha kichwa, mama."
Hakuinamisha.
"Kidogo tu. Uso ndio uingie."
Akatoa mrija, akatema chumvi.
"Mwanangu, tangu nina miaka sita
kichwa hiki na maji vinajuana.
Saa tisa usiku tunateremka bondeni,
kurudi ni kupanda, ndoo imejaa, huna mkono wa kushikia.
Ukiinama, yanamwagika.
Yakimwagika, unarudi.
Leo unaniambia niiname?"

Chilindima akajifanya anafungua fundo.

Sikuwa na jibu. Nikamshika viganja,
vyeusi bado kwa utomvu wa maganda ya korosho.
"Haya," nikasema, "hayamwagiki."

Akafikiri. Nilimwona akipiga hesabu
kama mkulima mnadani anayesubiri bei ya pili.
Kisha shingo ile, pingili kwa pingili,
ikakubali.

Hakukuwa na ule ukimya niliomwahidi.
Pono walikuwa wanatafuna mawe,
kr, kr, kr, kama watoto walioiba mahindi ya mbegu.
Alinibana kidole kila alipoona kitu:
kasa, mara moja, kwa nguvu;
jongoo bahari, hakubana kabisa;
kundi la samaki wa manjano, maelfu,
walipogeuka wote bila kuambizana,
akabana mpaka nikaumia.

Tukafika pale baruti ilipopigwa, kabla sijazaliwa.
Kifusi. Vidole vya matumbawe vilivyokatika, vyeupe,
na juu ya weupe vichipukizi vya zambarau,
kimo cha ukucha.
Hapo alikataa kuvutwa.
Kanga imetanda, mgongo unaelea.
Miaka hamsini na nane, na leo
maji ndiyo yamembeba.

Alipoinua uso, miwani ilikuwa imemchora duara.
"Pale pana ubwiri," akasema. "Mnapuliza salfa?"
"Hapana, mama. Tunapaacha tu."
"Basi mwambieni mwenye shamba
miche imeshika."
Akapenga kamasi, akatazama pembeni.
"Mdogo wangu aliniandikia habari za huku chini.
Nikamjibu aache uongo wa watu wa pwani."

Njiani kurudi akafungua dumu.
Kifuniko kimoja, macho ya Chilindima.
Kimoja, yangu. Nusu, yake.
Akalifunga, akalitikisa karibu na sikio,
akalipakata.
Bahari kushoto, bahari kulia,
na yeye midomo inacheza,
anahesabu vifuniko vilivyobaki.